Kiti cha Dada Kijakazi

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Nasma kaja. Kashuka basi la Mbagala asubuhi, hata maji hajanywa, kaanza. Kile kiti mwendo tulichoazima kwa jirani kilimkunjikia mama yake, dada yangu, juzi, njia ya chooni. Chuma cha chini kimepinda kama muwa, Dada Kijakazi puu! Sasa lawama zote kwangu. Eti nilikifunga kwa waya. Ndiyo, nilikifunga kwa waya! Waya uleule tulioburutia kiboko mzima kule Kiongoroni, kutoka matopeni mpaka nchi kavu, na haukukatika.

Nasma akasema, Mjomba, waya haukukatika hata juzi. Kiti ndicho kilichovunjika.

Mtoto huyu nimembeba mgongoni.

Halafu akatoa hukumu, amesimama, mkoba begani. Mama amekatwa mguu kwa ajili ya sukari tangu Mei. Tangu Mei anaangalia dari. Yeye likizo yake inaisha Jumapili ya tarehe kumi na saba. Mama akipata kiti cha kumtoa kitandani mpaka jikoni na chooni kwa mikono yake mwenyewe, atabaki hapa Bungu. Asipopata, anaondoka naye, na nyumba inafungwa.

Inafungwa! Na mimi je? Hakunitaja. Mimi ninayelala chumba cha mbele tangu shemeji Mohamedi afariki, nikilinda bati, nikilinda mikorosho, nikifukuza ng'ombe wa watu. Kama paka hivi. Nyumba ikifungwa paka atajijua.

Dada kutoka ndani akasema Mbagala haendi. Kule hata mchanga wa kutemea mate hakuna.

Nikawaambia kiti ni kazi ya mjomba. Mchango wa ndugu uko mikononi mwangu. Wakae watulie.


Jumapili, 3 Novemba

Nasma leo kauliza swali la ajabu. Barazani, majirani wanapita. Mama ana kilo ngapi?

Nilitaka kumfunga mdomo kwa kiganja. Mtu mzima anatajwa kilo barabarani? Watu wana macho! Mwanamke mnene wa heshima unasema kajaaliwa, unanyamaza. Kilo ni za korosho.

Anasema wauzaji wa viti ndivyo wanavyouliza. Kilo, na upana wa nyonga akiwa amekaa. Nikamuuliza, nani ataupima huo upana? Mimi, kaka, nimzungushie kamba dada yangu nyonga? Wewe, mwanawe? Akatazama chini. Angalau haya anayo.

Nikawaambia haina haja. Nimepakia korosho tangu mikoko ya delta ikiwa miche. Jicho langu ni mzani. Mwaka mmoja mnunuzi mmoja wa Kihindi aliweka dau, nikamtajia uzito wa gunia kwa kulitazama tu, tena kwa mbali, tena usiku hakuna mwezi. Dada ni gunia moja na debe. Tuseme kilo mia, na hapo nimemwongezea.

Dada akacheka puani. Gunia la lini hilo, Swamadu? La kabla sijazaa?

Mgonjwa hajibiwi.


Jumanne, 5 Novemba

Leo Kibiti. Kabla ya kutoka nilipima milango kwa kamba ya katani, nikapiga mafundo. Mtu mwenye akili huanza na mlango. Chumba cha Dada — mwembamba, wa zamani, ukuta wa udongo na miti. Mlango wa ua — mwembamba vilevile. Mpana ni mmoja tu ndani ya nyumba hii. Wa kwangu, chumba cha mbele. Shemeji alipajenga kwa tofali pawe duka, mlango wa mabawa mawili unafungukia barazani. Bawa moja natumia mimi, la pili limefungwa miaka.

Nikaikunja kamba, nikatia mfukoni. Sikumwambia mtu. Watu wa nyumba hii ukiwapa kamba wanajinyonga.

Dukani pana kijana anaitwa Abdulaziz, anajiona daktari. Kaniwekea viti viwili. Cha kwanza kizuri, chembamba, kinang'aa kama kioo, kinakunjika kama mwavuli. Cha pili — hasha! Trekta. Kipana, chuma kinene, chini kina misalaba miwili ya chuma badala ya mmoja, tairi pana. Anasema hicho ndicho cha watu wenye mwili. Mikono yake inachomoka, mgonjwa anateleza toka kitandani bila kunyanyuliwa. Tairi pana hazizami mchangani.

Kisha akaniuliza, mgonjwa ana miguu miwili? Nikasema mmoja. Akasema basi magurudumu ya nyuma yasogezwe nyuma zaidi, maana mtu asiye na mguu uzito wote unamwendea mgongoni, kiti kitambinua. Nikamwambia, kijana, mimi nimekaa juu ya mtumbwi wenye tundu, mamba mbele, mamba nyuma, sikubinuka. Utanifundisha kubinuka?

Akasema, mzee, huyo mamba ndiye atakayekaa kwenye kiti?

Wateja wakacheka. Nikamkazia macho mpaka akajishughulisha na risiti.

Nikatoa kamba yangu. Chembamba kinapita milango yote. Trekta halipiti popote isipokuwa kwangu. Sasa niambie, nani mjinga anunue kiti kisichoingia chumbani kwa mwenyewe? Nikachukua chembamba. Kilo mia, nikamwambia. Akasema mia ndiyo mwisho wake, hapo pamekaa ukingoni. Nikamwambia ukingoni ndiko nilikozaliwa.


Jumatano, 6 Novemba

Kiti kimefika, nyuma ya bodaboda, nimekikumbatia njia nzima toka Kibiti. Majirani wakatoka kutazama. Nikakikunja, nikakikunjua. Makofi yalikuwepo.

Dada akashushwa kitini na wanawake.

Hakikumkubali. Nyonga zimeshika mikono ya kiti huku na huku, khanga imekaza. Akajaribu kuzungusha magurudumu, viwiko havina pa kwenda. Akatutazama mmoja mmoja. Walipomtoa, kiti kikapanda naye! Wawili wakavuta kiti, wawili wakavuta Dada.

Nasma kaona alama nyekundu mapajani mwa mama yake, akasema, Mjomba, hiki umekinunulia nani?

Nikasema atazoea. Kiatu kipya pia kinabana.

Dada akasema kiatu kikibana unakivua. Mimi mguu nimeshavua.




Alhamisi, 7 Novemba

Dada amebinuka na kiti. Chali. Nilikuwepo, nilimdaka kichwa kisipige sakafu — hili hakuna aliyelisema. Bega langu linauma kama limepigwa na nguzo ya mkoko.

Nasma ameshusha begi la mama yake kutoka juu ya kabati. Analipangusa vumbi.


Ijumaa, 8 Novemba

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Baada ya sala ya Ijumaa nimerudi nakuta guta mlangoni, juu yake mzani mkubwa wa ghala la korosho, ule wa kukanyagia. Na pembeni Biasha. Binamu yetu, mtoto wa shangazi aliyeolewa milimani Umatumbini. Karani wa mzani ghalani, sauti kama spika ya msikiti. Nasma kamwita, nyuma ya mgongo wangu!

Binamu ni mtani. Huwezi kumkasirikia, hata akikutukana msibani. Hiyo ndiyo sheria, na Biasha anaitumia kama panga.

Akaanza tangu uani. Hodi wenyewe! Nimesikia humu mna mzigo umefichwa haujapimwa, mnataka kumuuzia nani kwa magendo? Kijakazi! Wewe daraja la kwanza au umeshalowa mvua?

Nikafikiri Dada atazirai kwa aibu. Dada akajibu! Akasema, njoo unipime, mwizi mkubwa, lakini toa kwanza jiwe unaloweka chini ya mzani wako.

Wakacheka wote wawili. Dada kacheka mpaka kashika ubavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Mei.

Mzani ukawekwa uani, na ubao juu yake. Wanawake wakamkalisha. Watoto wa jirani wakapanda ukutani. Nikasema wafukuzwe, hapa si ngoma. Biasha akasema waache, sukari ilimkata mguu kimya kimya, afadhali tupige kelele.

Akasogeza jiwe la mzani. Akasogeza tena. Akaimba kwa sauti ya ghalani, wasikie mpaka wa barabara kuu — mia moja arobaini na sita! Ondoa ubao, mia na arobaini! Mkulima mmoja!

Majirani, makofi. Makofi, wallahi. Hakuna jicho lililomdhuru. Dada kakaa juu ya ubao kama bibi harusi.

Halafu Biasha akanigeukia. Swamadu, bwana wangu, wewe ulisema ngapi? Mia? Hiyo arobaini uliipeleka wapi, umekula?

Nikasema mzani wa ghala unajulikana, kila mkulima analia. Akasema panda wewe basi, tukupime bila uongo tuone kama utabaki na kitu.

Nikaenda zangu kukaa nyuma ya banda la kuku. Lakini masikio sikuyaacha. Nikasikia anampima nyonga kwa kamba, matusi ya kila aina, Dada anamrudishia. Kisha kamba ileile ikaanza kuzunguka milango. Chumba cha Dada, haupiti. Mlango wa ua, haupiti. Hatua zikaja mbele. Zikasimama mlangoni kwangu.

Biasha kunyamaza! Nilipochungulia, alikuwa kaushika ule mlango wa mabawa mawili, ananitazama mimi moja kwa moja, kamba inaning'inia mkononi.


Jumamosi, 9 Novemba

Kikao. Fundi Khamisi kaitwa aangalie mlango wa Dada kama utapanuliwa. Kagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, udongo ukamwagika kama unga. Anasema ukigusa fremu hiyo, ukuta unalala, na bati linaufuata. Mpaka kiangazi kijacho, tena kwa kujenga upya.

Nasma akasema, kipo chumba cha mbele.

Macho yote kwangu, na mimi nilikuwa nakunywa chai.

Nikasema chumba cha mbele kina vitu vyangu. Injini. Nyavu. Kitanda changu kimejengewa humohumo, hakitoki. Na mwanamke hawezi kulala barabarani, malori usiku kucha, vumbi, wezi. Mimi mwenyewe nalala jicho moja. Mwaka juzi niliwafukuza wezi saba kwa mwiko wa ugali.

Nasma akasema, Mjomba, injini hiyo haina hata pistoni. Sauti yake kali sasa. Akasema ulipima milango kabla ya kwenda Kibiti, watoto walikuona. Ulijua.

Nikapiga meza. Nikasema mimi ni mjomba wako, siyo mpangaji wako! Akasema mpangaji angelipa.

Hilo neno. Mbele ya fundi.

Dada alikuwa ndani, mlango wazi, anasikia. Tukasubiri aseme. Mwenye nyumba ni yeye. Akisema Swamadu toka, nitatoka. Angesema tu, ningepata wa kumlaumu.

Akasema, Nasma, mwache mjomba wako. Mimi simtoi ndugu yangu chumbani nilale mimi. Mama yetu alituacha wawili. Nitakwenda Mbagala.

Basi. Yamekwisha. Nimeshinda.

Chai ilikuwa imepoa.


Jumatano, 13 Novemba

Nasma na Biasha jana wamekwenda Kibiti, wamekirudisha kiti changu, wamekuja na trekta. Ni kwa ajili ya Mbagala, wanasema. Magurudumu ya nyuma yamesogezwa kama alivyotaka yule daktari wa dukani.

Linalala uani, chini ya upenu wa bati, limefunikwa khanga kama maiti. Haliingii ndani.

Asubuhi wanawake wanne wamembeba Dada kwenye mkeka mpaka nje, wakachomoa mkono wa kiti, akateleza mwenyewe. Palikuwa na nafasi ya kidole huku, kidole huku. Akashika magurudumu. Akayasukuma.

Akaenda. Kwenye mchanga wetu huu unaomeza hata kwato za mbuzi. Akaenda mpaka jikoni, akafunga breki mbele ya mafiga, akasema nani kaweka kinu changu hapa? Kimehamishwa miezi sita hana habari! Akatukana nyumba nzima. Akaloweka mchele wa vitumbua. Jioni kaviuza mwenyewe kando ya barabara, foleni.

Nilinunua vitano. Alinihesabia vitano. Zamani alikuwa ananitupia na cha sita.

Giza lilipoingia wanne wakambeba kwenye mkeka kumrudisha ndani. Mmoja alilegea mlangoni. Dada kapiga kiwiko kwenye fremu. Hakulia. Alifumba macho tu, kama mtu anayepita mahali anapopachukia.


Ijumaa, 15 Novemba

Shikamoo Mjomba, marahaba. Basi. Hakuna zaidi. Chakula naletewa kimefunikwa, kinawekwa, mtu anaondoka.

Msikitini wananiuliza dada yako anahama? Nikasema anakwenda kupumzika. Mzee mmoja akasema kupumzika na nini? Juzi tu kaamka.

Watu wa Bungu hawana kazi.

Nimejaribu kukisogeza kitanda. Si kwa lolote. Kutazama tu kama kinatoka. Kimetoka.

Nimekirudisha.


Jumamosi, 16 Novemba

Begi liko barazani. Na ndoo yenye kinu. Kinu anakwenda nacho Mbagala, atatwangia wapi? Gari la kukodi linakuja kesho alfajiri.

Nimejifungia tangu adhuhuri. Sina ugomvi na mtu, nimechoka tu, bega bado linauma. Nasikia wanafunga vyombo. Nasma anamuuliza mama yake, sufuria hizi tuziache? Dada anajibu waachie wenye nyumba. Wenye nyumba! Anasema makusudi nisikie.

Mimi nimelala juu ya mkoko siku tatu maji yamejaa, sikuomba msaada kwa mtu. Chumba ni kitu gani. Lakini mtu wa umri wangu anakwenda wapi, kwenye banda la kuku? Chumba cha Dada kinavuja upande wa kichwani. Najua, niliahidi kukiziba.

Sasa hivi ninavyoandika kuna sauti ya tairi. Inazunguka nyumba kwa nje, inakuja mbele. Hakuna miguu ya watu pamoja nayo. Anakuja peke yake. Pale penye mteremko wa saruji, shemeji alipokuwa akipandishia mapipa ya mafuta ya taa, amesimama. Anapumua. Amesukuma. Amerudi nyuma kidogo. Amesukuma tena — kapanda! Yuko barazani.

Anagonga. Kwa kiganja, siyo kwa ngumi.

Swamadu.

Naam, Dada.

Anasema kesho ataondoka kuna giza, hapendi kuagana na mtu gizani. Nitoke nimpe mkono.

Nimefungua bawa langu. Nimeona goti lake na tairi, basi. Kiti kimegota hapo. Mkono wake hauwezi kufika, na mimi nimesimama ndani kama karani dirishani. Amenitazama, akautazama ule mlango wa pili, akaondoa macho haraka. Hakusema. Angesema!

Nimemwambia ngoja, Dada.

Nimepiga magoti kwenye komeo la chini la bawa la pili. Kutu tupu. Nimevuta, limenichana kidole. Nimelipiga kwa kisigino cha kiatu. Halitoki. Nimerudi kukaa kitandani, naandika huku damu inachafua karatasi, nawaza, maana nikilifungua hili najua halifungwi tena.

Anauliza, unafanya nini huko ndani?

Nimesema natafuta mafuta.

Kiti kimelia kidogo, amesogea karibu.

Mafuta ya nini, Swamadu?

Naweka kalamu chini, narudi kwenye komeo la bawa la pili.